Amplifaya na priampu ya kuzimudu KEF LS50, sebule ya vigae, Kisumu

Lolwe_Sauti:
Wadau, naomba ushauri kabla sijatoa pesa. Spika ni KEF LS50, zile za kwanza za 2012. Karatasi yake inasema desibeli 85 kwa volti 2.83, ukinzani omu 8, ila hushuka hadi omu 3.2. Sebule ni mita 4 kwa 5, chini vigae, kuta plasta tupu, kiti kiko mita 3 kutoka kwa spika. Muziki ni rumba, benga na kwaya, kutoka kwa laptopu kupitia DAC (kifaa kinachogeuza sauti ya kidijitali kuwa umeme wa sauti) inayotoa volti 2.

Nimeona mashine tatu:
1. Risiva ya sinema ya chaneli 5, "wati 100 kila chaneli".
2. Kisanduku cha klasi D (amplifaya inayowasha na kuzima umeme kwa kasi) chenye chipu ya TPA3255, "wati 300 x 2", kinakuja na adapta ya volti 32, ampea 5.
3. Amplifaya iliyotumika, ya Japani, wati 90 kwa omu 8 na 150 kwa omu 4.

Ipi itazimudu? Na je, niongeze priampu ya valvu (kifaa cha kukuza mawimbi ya sauti kabla ya amplifaya) mbele yake?

Fundi_Section58:
Achana na wati za kwenye boksi, anza na volti na ampea. Ukizipa hizo spika volti 2.83 kila moja, pale kitini utapata kama desibeli 80 hivi. Kwaya ikipaa au ngoma ikipigwa, mlio wa ghafla hupanda desibeli 18 hadi 20 juu ya hapo. Desibeli 20 ni volti mara kumi, yaani volti 28. Kwa omu 8 hizo ni wati 100. Lakini noti ikiangukia pale ukinzani ulipo omu 3.2, volti zile zile 28 zinadai karibu ampea 9, na kwenye kilele cha wimbi zaidi ya 12. Hapo ndipo mashine nyingi huishiwa pumzi.

Namba 2: adapta ya volti 32 na ampea 5 ni wati 160 kwa jumla, chaneli zote mbili. Wati 600 zitoke wapi? Tena kwa volti 32 chipu haiwezi kusukuma zaidi ya volti 21 hivi kwa spika, sawa na wati 55 kwa omu 8. Chipu yenyewe ni nzuri, kinachoiponza ni adapta. Ukiipa volti 48, ampea 10, inakuwa mashine nyingine kabisa. Uliza pia kama bodi inarekebisha sauti baada ya koili za kutokea. Bodi za bei ya chini hazifanyi hivyo, kwa hiyo sauti za juu hubadilika kulingana na spika uliyofunga.

Namba 1: tafuta kwenye kitabu chake wati 100 zilipimwa vipi. Mara nyingi ni chaneli moja tu ikifanya kazi, kwa omu 6, sauti ikiwa imeshachafuka. Ikiwa nyuma ina swichi ya omu 4, iache kwenye 8. Kwenye risiva nyingi swichi hiyo hupunguza volti za ndani ili mashine isichemke, nawe ndiye unayepoteza nguvu.

Ningechukua namba 3. Kutoka 90 hadi 150 omu zikipungua nusu ni dalili kwamba transfoma yake ina nguvu. Wala usiogope kwamba KEF wanataja wati 25 hadi 100. Kinachounguza twita (spika ndogo ya sauti za juu) haraka ni amplifaya ndogo iliyokazwa mpaka inakata vichwa vya mawimbi.

Kakamega_Valvu:
Naongeza kuhusu namba 3. Soma kibandiko cha nyuma. Kikisema AC 100V, usiichomeke kwenye soketi ya 240 hata sekunde moja. Na usikubali transfoma ya kushusha umeme hadi volti 110. Hiyo ni asilimia 10 zaidi, na umeme wetu ukipanda usiku inazidi. Kapasita (vihifadhi-umeme vya ndani) za volti 63 zilizokuwa zikibeba 58 zitajikuta na 64. Tafuta ya 240 kwa 100, ya VA 1000 (kipimo cha uwezo wake).

Priampu ya valvu hapana, nami ni mpenzi wa valvu. Kanuni ni hii: ukinzani wa kuingilia wa amplifaya uwe angalau mara kumi ya ule wa kutokea wa priampu. Nyingi za bei ya chini zina kapasita ya kutokea ya mikrofaradi 0.47. Ikikutana na kilo-omu 10 ya pawa-ampu, bezi inaanza kuporomoka kwenye 34 Hz.

Lolwe_Sauti:
Asanteni sana. Kibandiko ni AC 100V kweli. Tundu la AUX limeandikwa 150 mV / 47 kilo-omu.

Kakamega_Valvu:
Basi priampu imo ndani tayari. Inataka volti 0.15 tu kufika nguvu zote, na DAC yako inatoa 2, mara 13 zaidi. Tatizo lako litakuwa voliumu kubaki chini kabisa, ambako spika ya kushoto na ya kulia hazilingani. Dawa ni rezista mbili kila upande, ndani ya plagi ya RCA upande wa amplifaya: kilo-omu 4.7 kwenye njia ya sauti, kisha kilo-omu 1.5 kutoka kwenye pini kwenda kwenye kikombe cha nje. Inapunguza desibeli 12 na kidogo.

Fundi_Section58:
Kabla ya kuilipia, iwashwe kupitia transfoma ya 100, na upande wa 240 ufungwe balbu ya nyuzi ya wati 100 kwa mfululizo. Balbu iwake kisha ififie. Ikibaki kali, kuna shoti ndani, irudishe. Ikififia, toa balbu, sikiliza rilei (swichi ya ndani inayounganisha spika) ilie "tak" baada ya sekunde chache, ngoja dakika 15 bila spika, kisha pima milivolti za DC kwenye matundu ya spika. Chini ya 50 ni sawa. Zaidi ya 100 usiiunganishe, ni dalili ya hitilafu ndani, na ikizidi sana inaweza kuunguza koili za bezi.

Waya uwe shaba tupu ya mm² 2.5. Kwangua kidogo kwa kisu: ukiona weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba. Tandika zulia nene kati ya kiti na spika, maana vigae hivyo vitakuchosha masikio kuliko amplifaya yoyote. Na ngurumo za jioni zikianza kutoka ziwani, chomoa plagi ukutani, usitegemee swichi.