Eti Base64 ndiyo usimbaji fiche, halafu mimi niliyeifungua ndiye mdukuzi!

Ngurumo:
Wakuu, leo salamu sina. Mnamjua. Yule yule mwenzangu wa kazini, wa "hilo nilishalimaliza". Kasimama kikaoni mbele ya wakubwa, kasema taarifa zote za wagonjwa zimesimbwa, sheria ya faragha tumeimaliza. Makofi.

Nikachungulia jedwali. Kila mstari unaishia na ==. Hata mtoto wa chekechea akiziona hizo anajua ni Base64, njia tu ya kuandika data kwa herufi za kawaida, yeyote anaigeuza! Haina ufunguo, haina siri, ni herufi zimevaa kofia kinyumenyume. Nikabandika kwenye kigeuzi cha Base64, pale pale kwenye projekta, sekunde mbili: jina, umri, kisonono. Akanigeukia, watu wote wanatazama: "Umedukua mfumo."

MIMI. NIMEDUKUA.

Nakala rudufu nakiri kazisimba kwa AES ya biti 256, huo ndio usimbaji wa kweli. Ufunguo uko folda ile ile, faili linaitwa ufunguo.txt. Na nimepewa barua ya kujieleza. Kwa kudukua! Alama mbili za sawasawa!

Kijiti:
Mkuu, kwa hiyo ulianika ugonjwa wa mtu kwenye projekta, halafu faragha unaidai wewe?

Ngurumo:
Jina nililiziba kwa mkono.

Kijiti:
Kaziba projekta kwa mkono 😂😂 Barua umeistahili.

Wakili wa Uzi:
Kwa HIPAA, sheria ya Marekani ya faragha ya taarifa za afya, taarifa zilizosimbwa sawasawa zikiibwa bila ufunguo, huna haja ya kuwaandikia wagonjwa. Zikiwa wazi, barua kwa kila mmoja, mwisho siku 60. Kwa Base64 yenu anzeni kununua bahasha.

Mama Faili:
Heri yenu. Kwetu wamesimba kwelikweli, diski hadi mtandaoni, TLS (usimbaji wa data ikiwa safarini) njia nzima. Halafu karani anapaza sauti dirishani: "Wewe wa kisonono, sogea!"

BitiMoja:
Karani ana nafuu. Sisi nywila inabadilishwa kila siku 30, iwe na herufi kubwa, namba na alama. Yangu nimeibandika kwenye skrini.

Mzee wa Flashi:
Skrini ya mbele? Sisi tunabandika chini ya kibodi. Tuna adabu.

Ngurumo:
Jamani, uzi ni wa Base64. KANIITA MDUKUZI MBELE ZA WATU.

Mama Faili:
Tumesikia baba. BitiMoja, unatumia gundi gani? Zangu zinabanduka.