Skopu ya .308 ya porini na ya shabaha mita 300: msalaba upi?

Mlenga_Njiro: Wakuu, salaam. Nina bunduki ya .308 ya leseni. Naitumia Simanjiro msimu wa uwindaji, na nataka pia kulenga karatasi mita 300. Nimebaki na skopu mbili: 3-9x40 ya msalaba (mistari ya kulengea) wa kawaida, na 4-16x44, yaani inakuza mara 4 hadi 16 na lenzi ya mbele ni milimita 44, yenye vijistari vya mil (kipimo cha pembe), msalaba wake unakua ukivuta picha. Ipi?

Kibo_7: Mkuu, angalia kwanza msalaba umekaa wapi. Ukiwa mbele ya lenzi za kukuza unakua na picha, kwa hiyo mil 1 ni sentimita 30 kwa mita 300, uwe umevuta 4 au 16. Ukiwa nyuma haukui, na vipimo vyake ni sahihi kwenye ukuzaji mmoja tu, mara nyingi ule wa juu kabisa. Shusha kutoka 16 hadi 8, kijistari cha mil 1 kinafunika mil 2. Hapo ndipo watu hukosa, wakalaumu risasi.

Fundi wa Sakina: Sawa, ila mwambie na upande wa pili. Huo wa mbele ukiwa kwenye 4 unakuwa uzi, jioni chini ya migunga huuoni. Chukua wenye taa inayopungua hadi hafifu kabisa. Na kliki, zile hatua za gurudumu la kurekebishia, ziwe za mil kama msalaba! Zipo zinazouzwa msalaba mil, kliki MOA, kipimo kingine cha pembe. Mil 1 ni MOA 3.44, haya, piga hesabu hiyo mnyama anaondoka.

Mlenga_Njiro: Nitajuaje kama ni nzima?

Kibo_7: Kliki ya mil 0.1 ni sentimita 1 kwa mita 100. Weka karatasi ndefu mita 100, piga tatu, panda kliki 50, piga tatu ukilenga palepale. Kundi la matundu liwe sentimita 50 juu. Shusha 50, lirudi lilipoanzia. Lisiporudi, kagua kwanza pete zinazoshika skopu. Zikiwa imara, irudishe dukani. Halafu laza bunduki tupu kwenye mifuko ya mchanga, chungulia, sogeza kichwa bila kuigusa. Msalaba ukitembea juu ya shabaha, zungusha gurudumu la pembeni mpaka utulie.

Fundi wa Sakina: Skrubu za pete usikaze kwa hasira. Fuata namba ya mtengenezaji. Bomba la skopu likibonyea, kliki zinakwama.

Mlenga_Njiro: Basi 4-16. Porini niiache kwenye ngapi?

Kibo_7: 4 hadi 6. Gawa 44 kwa 16 upate milimita 2.75 za mwanga jichoni, giza likianza picha inazima. Kwa 6 unapata zaidi ya 7.