KUJUMLISHA tu kunakushinda? Hii lugha ina dharau!

Wakuu, nimekereka hadi mikono inatetemeka. Ninayemsema mnamjua wote, ile lugha ya programu ya kwenye brauza, sina haja ya kuitaja.

Bei ya viatu kwenye fomu: 45000. Usafiri: 5000. Nikajumlisha. Mteja akaletewa bili ya 450005000. Milioni mia nne na hamsini na elfu tano! Kwa viatu! Hela hiyo unanunua kiwanda pamoja na mlinzi wa getini.

Angetoa erori ningemwelewa. Angegoma ningemwelewa. Kakaa kimyaaa, konsoli nyeupe, kamtwanga mteja wa watu milioni mia nne na hamsini.

Sasa sikieni dharau yenyewe. Mstari unaofuata ni wa punguzo: "45000" - 3000. Jibu? 42000. Safi! Kuzidisha, safi. Kugawanya, safi. Yaani kwenye kutoa anajua hii ni namba, kwenye kujumlisha anagundisha tarakimu kama mtoto wa chekechea. Ndiyo matokeo ya kuunda lugha kwa siku 10, mwaka 1995. 450005000 jamani!

fundi_mitambo: Pole mkuu. Ila + ikikuta maandishi upande wowote, inaunganisha. Na fomu hutoa maandishi siku zote. Funga bei ndani ya Number() igeuke namba, ukalale.

Mleta uzi: Silali! Mbona kwenye kutoa sheria hiyo haipo? MILIONI MIA NNE NA HAMSINI!

dada_wa_seva: Viatu vimebaki? 😂

kichwa_ngumu: Hiyo cha mtoto. Jumlisha 0.1 na 0.2 uone: 0.30000000000000004.

dada_wa_seva: Hapo unamsingizia, hiyo ni IEEE 754, kiwango cha namba za desimali kwenye kompyuta, lugha karibu zote ziko hivyo. Mimi kilichoniua ni baki ya kugawanya, ile alama ya %. -7 % 3 kwa ile lugha ya nyoka ya kwenye seva napata 2, nikija huku -1. Kalenda yangu yote ikavurugika.

kichwa_ngumu: 2 ndiyo sahihi. Baki hasi umeiona wapi?

fundi_mitambo: Kwenye lugha ya C, tangu kiwango cha 1999. Kugawanya kunakata kuelekea sifuri, baki inafuata alama ya kinachogawanywa. Soma kwanza.

kichwa_ngumu: Soma wewe. Hesabu za saa utazifanyaje na -1?

mgeni_juzi: Samahani wakuu, mimi 5/2 inanipa 2. Nusu yangu imeenda wapi?

dada_wa_seva: Lugha gani?

mgeni_juzi: Ile ya kahawa.

fundi_mitambo: Andika 5/2.0. Na ufungue uzi wako.