Usaili wa wahudumu wa ndege: mjadala wa kikundi unajiandaaje?

BintiTabata
Habari wadau. Nina usaili wa shirika la Ghuba, utafanyika hotelini hapa Posta. Kipimo chao cha kunyoosha mkono juu kufika sentimita 212 nakiweza, CV iko tayari. Kinachonitisha ni mjadala wa kikundi kwa Kiingereza. Unajiandaaje na mada huijui? Na ni kweli anayeongea sana ndiye anayepita?

MkuuWaKipawa
Si kweli, dada. Anayewafunika wenzake hukatwa haraka sawa na aliyekaa kimya.

Mada zenyewe za kawaida tu: hoteli ina vyumba 3, wageni 7, nani apewe? Au meli inazama, chagueni vitu 5 kati ya 12. Jibu halina uzito sana. Wanatazama mnavyolifikia, maana kwenye ndege utapangwa na watu usiowajua, na ndege kubwa ya abiria haipewi cheti mpaka ithibitike kuwa watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, nusu ya milango ikiwa haitumiki. Hapo hakuna muda wa kugombania ukubwa.

Tafuta watu 6, tega simu dakika 10. Wa 7 akae pembeni aandike nani kaongea, nani kamkatiza mwenzake, nani kasahaulika. Dakika ya kwanza someni maelekezo tu. Makundi mengi huharibu hapo: wameambiwa vitu 5, wanaleta 6. Zikibaki dakika 2, mtu aseme tufunge, arudie mlichokubaliana.

Shangazi_Ubungo
Naongezea tatizo letu Wabongo: kusubiri ukaribishwe kuongea. Hakuna atakayekukaribisha, mwanangu. Ingia mapema hata kwa sentensi moja, ukiegemea hoja ya mwenzako: taja jina lake, kubali kipande, ongeza sababu yako. Kisha muulize aliye kimya anaonaje.

Usikimbilie kalamu. Mwandishi huinamia karatasi mpaka muda unaisha hajasema neno. Zungumza na wenzako, usimtazame msaili. Na mkikutana Watanzania wawili, msinong'onezane Kiswahili. Wengine watajiona wametengwa.

BintiTabata
Asanteni sana. Mtu akibisha kila kitu je?

MkuuWaKipawa
Usishindane naye. Mwulize sababu mara moja, kisha wahoji wengine wanaonaje. Wengi wakikubaliana, songeni mbele. Ukiona hoja yake ni nzuri kuliko yako, badili msimamo waziwazi, haikupunguzii alama.