Ukoo wa Makorora

Shangazi Zena: Seif, nasikia huko Uingereza chama cha Leba wamekataliwa tena? Si majuzi tu walishinda kwa kishindo?

Mjomba Seif (Durham): Kishindo cha viti, dada. Julai 2024 walizoa viti 411 vya bunge kwa asilimia 34 hivi ya kura. Corbyn, kiongozi wao aliyegaragazwa 2019, alikuwa na kura nyingi kuliko Starmer aliyeshinda 2024!

Hamisi: 😳 Hesabu gani hiyo?

Mjomba Seif: Jimbo anachukua anayeongoza, hata kwa kura moja. Jimbo la Runcorn, uchaguzi mdogo wa Mei 2025, Reform, chama cha mrengo wa kulia cha Farage, iliwashinda Leba kwa kura 6. Sita, si mia sita.

Shangazi Zena: Na Durham huko kwako, si ngome yao?

Mjomba Seif: Ilikuwa. Jirani yangu hapa alichimba makaa ya mawe, beji ya chama cha wafanyakazi bado iko kwenye kofia. Leba tangu ujana. 2019 akampa Boris Johnson wa Konsavativu, mahasimu wa Leba, sababu ya Brexit, kujitoa Umoja wa Ulaya. 2024 akarudi shingo upande, hazijapita wiki nne serikali ikatangaza kuwakatia wastaafu wengi ile pesa ya kupasha nyumba joto. Mzee akawa anashinda jikoni na koti, hita anawasha saa ya taarifa ya habari tu. Juni 2025 wakalegeza, lakini Mei, uchaguzi wa halmashauri, alishawapa Reform. Halmashauri nzima ya Durham ikaenda nao.

Rukia (Leicester): Mjomba, si wote wanaoenda mrengo wa kulia. Huku jimbo la Leicester South, 2024, Ashworth, kigogo wa Leba, aliangushwa na mgombea binafsi kwa kura 979. Hasira za vita vya Gaza hizo. Na ni watu waliokuwa wanaipa Leba bila hata kuuliza mgombea nani.

Hamisi: Konsavativu wanacheka basi

Rukia: Wacheke na nini? 2024 walibaki na viti 121. Maidenhead, jimbo la waziri mkuu wao wa zamani Theresa May, lilichukuliwa na chama cha Liberali. Truss, naye waziri mkuu wao wa zamani, kapoteza hata kiti chake.

Mjomba Seif: Leba na Konsavativu kosa lao moja. Kura za watu hawa walizihesabu mali ya urithi, wakawa wanahangaikia wapiga kura wapya.

Shangazi Zena: Na wewe ulimpa nani?

Hamisi: Kwani anapiga kura na pasi ya Bongo?

Rukia: Anapiga. Jumuiya ya Madola.

Mjomba Seif: Kura ni siri, dada.

Shangazi Zena: Siri! Na lile bango la Chama cha Kijani nililoliona dirishani kwenye video?

Mjomba Seif: La wifi yako hilo 😂