Mashine ya gemu ya kutuma Mbeya: ipi baada ya matangazo ya Köln?

Kutoka: Dada wa Uyole (Leicester)

Habari zenu ndugu zangu wa Nyanda za Juu. Mdogo wangu yuko nyumbani Uyole, kamaliza kidato cha sita, na nilimwahidi kwamba akifaulu nitamtumia mashine ya gemu. Kafaulu vizuri. Sasa tangu maonyesho ya gemu ya Gamescom yaanze kule Köln, Ujerumani, ananitumia klipu usiku na mchana: leo anataka Nintendo mpya, kesho ile Xbox ya kushika mkononi, keshokutwa PS5, yaani PlayStation 5 ya Sony. Mimi mambo ya gemu siyajui. Dukani hapa wananishauri nichukue ile isiyo na sehemu ya CD kwa sababu bei yake iko chini. Nyumbani hakuna waifai, anatumia bando la simu. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela. Kuna kaka wa Mwanjelwa anapakia kontena mwezi ujao na nafasi ameniwekea.

Kutoka: Kaka wa Tukuyu (Köln)

Ugonile dada. Mpe hongera mdogo wetu, kidato cha sita si mchezo.

Ukumbi wa Gamescom uko Deutz, ng'ambo ya mto hapa kwetu, na matangazo ya hawa watengenezaji nimeyafuatilia kwa moyo tangu enzi za E3, maonyesho makubwa ya gemu ya Los Angeles, ambayo waandaaji waliifunga moja kwa moja Desemba 2023. Msimamo wangu ni mmoja: tangazo lolote lisikilize kama mtu aliyekaa Uyole, usilisikilize kama mtu wa Leicester. Pale jukwaani wanaonyesha magari, majoka na picha zinazong'aa. Wewe uliza hivi: bando likiisha, nikitia CD, gemu inawaka?

Swali hilo liliwahi kutikisa dunia nzima ya gemu. Juni 2013 Microsoft walikuja na Xbox One ya dola 499, ikiwa na masharti: mashine lazima iguse intaneti angalau mara moja kila saa 24, na CD iliyokwisha kutumika huna uhuru wa kuiuza au kumwazima mtu unavyotaka. Mkuu wa Xbox wakati ule, Don Mattrick, alipoulizwa kuhusu watu wasio na intaneti, alijibu kwamba kwa hao ipo Xbox 360. Hao ni sisi, dada. Watu wa Tukuyu, Makete na Ludewa tubaki na mashine iliyotoka 2005. Nilikasirika, na hadi leo nikikumbuka nakasirika.

Wakaja Sony kwenye maonyesho hayo hayo ya E3. PS4 dola 399, CD ni mali yako, uza, azima, intaneti si lazima. Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Wakatoa na video fupi sana ya kufundisha namna ya kuazimana gemu za PS4: jamaa mmoja anashika boksi la CD, anampa mwenzake, mwenzake anashukuru, imekwisha. Ndivyo vijana wa vibanda vya gemu Mwanjelwa na Kabwe wanavyoishi. CD ya mpira inatoka mkono huu inaingia mkono ule, boksi limepasuka, jalada limeshapotea, na watu bado wanacheza. Tarehe 19 Juni Microsoft wakayafuta masharti yote.

Ndiyo maana hali ya sasa inaniuma. Xbox Series S haina sehemu ya CD. PS5 Digital haina. PS5 Pro ya 2024, iliyotoka kwa dola 699, nayo haina, unainunua pembeni. Na huyo Nintendo anayemtaka mdogo wako, Switch 2 ya Juni 2025, ni mashine nzuri kweli, lakini baadhi ya kadi zake, zinazotumika badala ya CD, hazina gemu ndani. Kuna ufunguo tu, gemu yenyewe uishushe kwa intaneti. Ni sawa na kununua gunia la viazi, ukifika nyumbani ukalifungua unakuta karatasi inayokuelekeza shamba la kwenda kuchimba. Na usiniambie haikuwezekana kuweka gemu nzima: Cyberpunk 2077 ni gemu kubwa, na kwenye Switch 2 imeingia yote katika kadi ya GB 64. Ukienda dukani shika boksi uliangalie upande wa mbele, chini kabisa. Zile za ufunguo zimeandikwa pale.

Ile Xbox ya mkononi waliyoipangia tarehe 16 Oktoba 2025 wakiwa hapa Köln, ndani yake ni kompyuta ya Windows. CD haina kabisa, kila kitu cha kushusha. Kwa mwenye waifai ya kasi ni kitu safi. Kwa bando la simu, gemu moja ya GB 80 itakula hela ya mboga ya mwezi.

Bei nayo. Wiki ile ile ya maonyesho ya 2025, Sony walipandisha PS5 Marekani kwa dola 50. Mashine ya Novemba 2020! Zamani ukisubiri miaka mitatu minne inashuka na mtu wa kawaida anaipata. Sasa ukisubiri unalipa zaidi, na hakuna mkubwa aliyepanda jukwaani kulieleza hilo.

Kwa hiyo chukua PS5 yenye sehemu ya CD. Hata iliyotumika haina shida, mradi uijaribu. Na CD za PS5 hazibagui nchi, ya Leicester inacheza Uyole.

Kutoka: Kaka wa Kihesa (Dallas)

Kamwene ndugu zangu. Namuunga mkono kaka wa Tukuyu, naongeza la umeme. Sisi wa Marekani tunatumia volti 120, nyumbani ni 230. PS5 inakubali yote, imeandikwa 100 hadi 240. Ila Xbox 360 na zile Xbox One za mwanzo zilikuwa na adapta ya nje, na ya huku inategemea volti za huku tu. Anayetaka kutuma mashine ya zamani kutoka Marekani asome kwanza lebo ya adapta. Wewe dada wa Leicester huna wasiwasi, hata plagi ya Uingereza ndiyo hiyo hiyo ya nyumbani.

Mnunulie na UPS ndogo Mbeya mjini, ile betri inayoshikilia umeme ukikatika. Umeme ukikatika wakati mashine inaandika, data inaweza kuharibika.

Kutoka: Dada wa Uyole (Leicester)

Ndaga fijo kaka zangu, nimewaelewa. La mwisho: niifunge hivi hivi kwenye boksi lake, au kuna cha kufanya kwanza? Na akaunti aifungue mwenyewe?

Kutoka: Kaka wa Tukuyu (Köln)

Usiifunge hivi hivi. Sehemu ya CD ya matoleo mapya inahitaji intaneti mara ya kwanza ili itambuane na mashine, na hilo wengi wanaligundua mzigo ukiwa umeshafika. Iwashe hapo kwako, iache ijisasishe kwenye waifai yako, tia kila CD uliyomnunulia mpaka ikamilike pamoja na nyongeza zake.

Akaunti ifungueni pamoja kwa simu ya video. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi za PlayStation, kwa hiyo iwe ya Uingereza, na kadi za kuongeza salio ziwe za Uingereza pia, za nchi nyingine zitakataa. Kisha ndani ya mipangilio washa kile kipengele cha kuchezea bila intaneti. Neno la siri aliandike kwenye daftari, maana laini ya simu hupotea.

Nunua na pedi ya pili, mpira unachezwa na watu wawili. Na kabla hujalipa nitumie picha ya boksi pande zote, nitakuambia kama ndiyo yenyewe.