Nazunguka machimbo ya dhahabu Kanda ya Ziwa mpaka Chunya, niangalie nini kabla hatujanunua mtambo?

Karasha Bovu:
Habari za jioni wakuu. Tuna kikundi chetu tumechanga hela tunataka kuingia kwenye uchenjuaji, yaani kutoa dhahabu kwenye mawe na mchanga, sio kuchimba, kuchimba tumeona wenzetu wanavyozika mitaji kwenye maduara, yale mashimo ya machimbo. Sasa nimetumwa nizunguke kwanza, naanzia Geita, Nyarugusu, Lwamgasa, nashuka Kahama, namalizia Chunya, niandike kila wilaya ina mawe gani na wanachenjua kwa njia gani halafu ndo tuamue. Wenzangu wameshaishikilia vati, lile tangi la kuloweka mchanga kwa sianidi, dawa inayoyeyusha dhahabu, wanasema inalipa popote. Mimi nasita. Wenye uzoefu nisaidieni, na je ni kweli kila wilaya ina njia yake?

Mzee wa Marudio:
Mkuu safari ni nzuri ila ukiandika kwa wilaya utarudi na daftari limejaa na bado hujui ununue nini, maana wilaya moja ina mawe ya kila aina, hata duara moja juu na chini ni vitu viwili. Ukifika uliza wamefika futi ngapi na jiwe limebadilika rangi wapi. Huku juu jiwe limeoza, kahawia lenye kutu, dhahabu imeshaachia, hapo kwa karasha (mashine ya kusaga mawe) na mwalo (mteremko wenye zulia unaokamata dhahabu) unaona kitu na sianidi inafanya kazi vizuri. Ukivuka usawa wa maji unakuta jiwe gumu la kijivu lina pairaiti, madini ya chuma na salfa, inameta, dhahabu nyingine imefungiwa humo ndani na usiposaga laini sana sianidi haiifikii, na kuna mawe hata ukisaga kama unga wa sembe bado haitoki mpaka kwanza uyachome au uyavunje kwa njia nyingine, hizo gharama sio za kikundi.

Angalia hata wakubwa. GGM, mgodi mkubwa pale Geita, dhahabu yao imekaa sana kwenye miamba ya chuma, wanatumia matangi ya sianidi na kaboni inayonasa dhahabu iliyoyeyuka. Mgodi wa Bulyanhulu pale Kakola dhahabu imekaa pamoja na shaba, ndo maana walikuwa wanasaga mawe na kuelesha madini kwa povu wanapata makinikia, mchanga uliokolezwa madini, yale yale yaliyopigwa stop kusafirishwa nje Machi 2017. Kote ni Kanda ya Ziwa, kote dhahabu, ila mitambo haifanani. Na shaba ukiipeleka kwenye vati inakula sianidi kabla dhahabu haijaguswa, utamwaga dawa mpaka ushangae.

Njoo Mwaloni:
Acheni kumtisha jamaa, vati zimejaa kuanzia Geita mpaka Chunya na watu wanajenga nyumba. Ukipata marudio, mchanga uliobaki baada ya kuchenjuliwa, yenye gram nzuri za dhahabu kwa tani unapiga hela, full stop.

Mzee wa Marudio:
@Njoo Mwaloni sijasema hazilipi, nimesema sio popote. Zimejaa kwa sababu wachimbaji wanasaga kwenye karasha, wanapitisha kwenye zulia, wanakamata kwa zebaki, na njia hiyo inaacha zaidi ya nusu ya dhahabu kwenye mchanga. Mwenye vati anakula hicho kilichoachwa. Yakianza kuja marudio ya mawe ya chini ndo utasikia kilio.

Karasha Bovu:
Nimekupata mzee. Sasa hayo marudio, muuzaji anakuonyesha karatasi ya maabara ina gram tamu kweli. Nitajuaje ni za lundo lote?

Dada Sampo:
Karatasi ya muuzaji mpe pole umrudishie 😂 Kachukue sampo mwenyewe. Maji ya mwalo yakiingia bwawani mchanga mzito unatua karibu na mdomo, tope laini linaenda kulala mwisho kule, kwa hiyo ukichota sehemu moja umejidanganya. Pima bwawa kwa miraba, kila mraba zamisha bomba mpaka chini kabisa, toa yote iliyomo, changanya kwenye turubai, gawanya mara nne, chukua robo mbili zinazotazamana, rudia mpaka ubaki na kiasi cha kubeba. Usikwangue juu tu, juu mvua imeshachezea.

Halafu kamata tope mkononi. Likinata kama ufinyanzi ujue kwenye vati maji ya dawa hayatashuka, yatasimama juu wiki nzima. Watu wanalichanganya na saruji na chokaa linakuwa vidonge ndo wanapakia, sasa hiyo saruji iingize kwenye hesabu mapema. Chokaa ni lazima hata kama tope ni zuri, ndiyo inayoinua pH (kipimo cha tindikali), ikishuka chini ya 10 sianidi inaanza kugeuka hewa ya sumu, hapo sio hasara tena, ni msiba.

Na marudio yaliyojaa zebaki yaogope. Sianidi inaiyeyusha zebaki pia, inaingia kwenye kaboni yako na kwenye maji, ukija kuchoma kaboni mnavuta mvuke wake nyote.

Leseni Kwanza:
Naongezea. Kabla hujapanda basi pitia GST, taasisi ya jiolojia ya serikali, Dodoma ununue ramani za jiolojia za maeneo unayokwenda, utajua mapema wapi ni miamba ya chuma na wapi ni mishipa ya kwotzi kwenye graniti. STAMICO, shirika la madini la serikali, wana vituo vya mfano Lwamgasa, Katente kule Bukombe na Itumbi Chunya, ingia uone matangi na kaboni yakifanya kazi kabla hujauziwa mtambo na dalali. Leseni ya uchenjuaji iko Tume ya Madini, mazingira ni NEMC, sianidi ni Mkemia Mkuu wa Serikali, yote matatu ulizia mapema maana yanakula muda kuliko ujenzi.

Karasha Bovu:
Asanteni sana aisee. Kwa hiyo maabara niwaambie wapime nini, gram tu?

Dada Sampo:
Gram inakwambia iliyomo, haikwambii itakayotoka. Omba kipimo cha chupa, wanasaga sampo wanaitia kwenye maji ya sianidi chupa inazungushwa. Waambie wakupe majibu ya masaa 24, 48 na 72, asilimia iliyotoka kila hatua, na kilo za sianidi na chokaa zilizoliwa kwa tani. Wapime na shaba humo humo. Na wasage kwa kiwango ambacho mtambo wako utasaga kweli, sio unga wa maabara. Fanya hivyo kwa jiwe la juu na la chini kila machimbo, hizo karatasi ndo uwapelekee hao wenzako wa vati.